1.99 dhidi ya 2.8: Plaid na Taycan Turbo S hazikupimwa kwa rula moja

"Salaam aleikum, mhandisi. Mimi ni mtu wa Mombasa, nafanya kazi Abu Dhabi, huu mwaka wa tisa. Nimeweka pesa kidogo kidogo na sasa nataka kununua saluni ya umeme iliyotumika. Nimebakiwa na mbili: Tesla Model S Plaid ya 2022 na Porsche Taycan Turbo S ya 2021. Bei zinakaribiana. Tangu utotoni napenda gari linalochomoka, sitaficha. Karatasi ya Tesla inasema sifuri hadi 60 kwa sekunde 1.99. Ya Porsche inasema sifuri hadi 100 kwa sekunde 2.8. Nikaona mambo yamekwisha. Lakini nimetazama video ambazo Plaid inaiacha Taycan mbali, na nyingine ambazo Taycan inatangulia, hasa wakirudia mara ya nne, ya tano. Muuzaji wa Plaid ananiambia Taycan ni jina tu. Muuzaji wa Taycan ananiambia ile 1.99 ni uongo mtupu. Nani anasema kweli? Na nikiwa na mke wangu na watoto wawili nyuma, joto la Julai la huku likipiga, tofauti hiyo nitaiona? Inshallah baadaye ningependa kurudi nalo nyumbani. Nisaidie kabla sijalipa."

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na naona linalokusumbua hasa si gari lipi lina mbio. Linalokusumbua ni kwamba namba mbili zilizochapishwa na kampuni mbili kubwa haziafikiani na macho yako, na wauzaji wawili kila mmoja anamwita mwenzake mwongo.

Nikupe jibu fupi kwanza. Plaid ndiyo yenye mchapuko mkubwa zaidi, yaani ndiyo inayoongeza kasi upesi zaidi, hilo halina ubishi. Lakini lile pengo la sekunde 0.8 unaloliona kwenye karatasi, barabarani halipo. Kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa, pengo la kweli ni kama sekunde 0.3. Pengo kubwa linaanza baada ya hapo, mahali ambapo karatasi ulizonazo hazigusi kabisa. Na 1.99 si uongo. Imepimwa kwa rula tofauti na ile ya Porsche, ndiyo maana ukizilaza namba hizi mbili sambamba zinakupoteza.

Itazame tena karatasi ya Tesla. Pembeni ya 1.99 kuna alama, na chini, kwa herufi ndogo, imeelezwa kwamba futi ya kwanza ya mwendo imetolewa. Desturi hii asili yake ni viwanja vya Marekani vya mbio za mstari mnyoofu. Kule gari husogezwa taratibu mpaka tairi la mbele likate mwali wa taa uliowekwa karibu na ardhi. Taa ya kijani ikiwaka dereva anaondoka, lakini saa ya gari lake haianzi pale gari linapotikisika. Inaanza pale tairi linapotoka kwenye mwali, na mpaka litoke, gari limeshasogea kama futi moja, yaani sentimita 30. Majarida ya magari ya Marekani yaliifuata desturi hiyo ili vipimo vyao vilingane na vya viwanjani, na Tesla ikaitumia kwa Plaid.

Utasema futi moja ni nini? Hebu tupige hesabu. Gari linalochapuka kwa nguvu iliyo sawa na ya mvutano wa dunia, ambayo wahandisi huiita g 1, linahitaji karibu robo sekunde kuvuka sentimita 30 za kwanza. Likishazivuka, linakwenda karibu kilomita 9 kwa saa. Kwa hiyo saa ya Tesla inapoanza kuhesabu, gari haliko kwenye sifuri. Limeshapewa robo sekunde ya bure, na kwenye mbio za sekunde mbili robo sekunde ni mali nyingi.

Kuna na jambo la pili. Ile 60 ya Tesla ni maili, na maili 60 kwa saa ni kilomita 96.6. Zimebaki kilomita tatu na kitu kufika 100, na kwa magari haya hizo zinakula karibu sekunde 0.08. Jumlisha: 1.99, ongeza 0.25 ya futi ya kwanza, ongeza 0.08 ya zile kilomita. Unapata kama 2.3. Hiyo ndiyo 1.99 ikiandikwa kwa rula ya Kijerumani, kwa sababu Porsche huanza kuhesabu gari likiwa limesimama kabisa na kumaliza kwenye kilomita 100 kamili.

Halafu kuna lami yenyewe. Jarida la MotorTrend lilipoipima Plaid mwaka 2021 lilipata 1.98, lakini kwenye njia ya mashindano iliyopakwa dawa ya kunata, ile inayotaka kukuvua kiatu ukiikanyaga. Kwenye lami ya kawaida walipata 2.07. Fikiria maana yake. Kufikisha maili 60 kwa sekunde mbili kunataka mchapuko wa wastani unaozidi g 1, tena kwa mbali, wakati tairi zuri la barabarani kwenye lami kavu linashika kwa kiasi cha g 1 au kuzidi kidogo. Zaidi ya hapo tairi linazunguka bure, hata ungekuwa na nguvu za treni.

Njia ya haki ni kutafuta mtu mmoja aliyeyapima magari yote mawili kwa rula moja. Jarida la Car and Driver lilifanya hivyo, likiitoa futi ya kwanza kwa yote mawili. Plaid ilifika maili 60 kwa sekunde 2.1. Taycan Turbo S kama hiyo yako ya kizazi cha kwanza ilifika kwa 2.4. Sasa ongeza zile 0.25 na 0.08 kwenye 2.4 ya Taycan. Unapata 2.73, na Porsche wameandika 2.8. Unaona? Porsche hawakujipunja wala hawakujisifu, na Tesla hawakudanganya. Muuzaji wa Taycan hana haki ya kuita 1.99 uongo, na muuzaji wa Plaid hana haki ya kukuuzia pengo la 0.8.

Sekunde 0.3 ni kiasi gani kwa macho? Weka magari mawili sambamba, yaondoke pamoja. Plaid inapogusa maili 60, Taycan iko nyuma yake kwa kama mita tatu na nusu. Ukikaa kwenye kiti cha Plaid na kugeuza shingo, boneti ya Taycan ingali usawa wa mlango wako wa nyuma. Ndiyo maana video za mita mia za kwanza zinakuchanganya: dereva mmoja akichelewa kuachia breki kwa kupepesa jicho tu, matokeo yamegeuka.

Sasa tuje huko kusikosemwa na karatasi. Katika vipimo vya jarida hilohilo, robo maili, yaani mita 402, Plaid iliimaliza kwa sekunde 9.4 ikiwa na kasi ya maili 151 kwa saa, sawa na kilomita 243. Taycan Turbo S iliimaliza kwa 10.5 ikiwa na maili 130, sawa na kilomita 209. Pengo limetoka sekunde 0.3 hadi 1.1. Kwa kasi hizo, Plaid inapovuka mstari, Taycan iko mita 60 nyuma. Mita tatu na nusu zimekuwa 60! Hiyo ndiyo tofauti ya kweli kati ya magari haya mawili, na sababu yake inafaa uielewe vizuri maana ndiyo itakayokusaidia kuchagua.

Mkumbuke hamali wa soko la Kongowea akisukuma mkokoteni uliojaa viazi. Anapoanza, mkokoteni haujasogea, anauinamia na kuusukuma kwa uzito wake wote. Kama ana nguvu za kutosha, kikomo chake si misuli, ni kandambili zake. Ardhi ikiwa na tope anateleza, na hapo nguvu zote hazina maana. Mkokoteni ukishashika mwendo mambo yanageuka. Sasa miguu haitelezi tena, lakini lazima akimbie na kusukuma kwa wakati mmoja, na kila kasi inavyoongezeka ndivyo msukumo wake unavyopungua. Hapo ndipo unapomjua mwenye pumzi na asiye nayo.

Magari yako yana vipindi hivyohivyo viwili. Kipindi cha kwanza ni cha tairi. Mota za Plaid na za Taycan zote zina nguvu ya kuzungusha inayotosha kuyashinda matairi pale mwanzo, na yote mawili yanaendeshwa kwa magurudumu manne, kwa hiyo yanabanwa na ukuta uleule wa mshiko wa lami. Ndiyo sababu yanakaribiana. Watu wengi husema, "Gari la umeme lina nguvu zote tangu sifuri, halina kikomo." Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili si kweli hata kidogo.

Kipindi cha pili ni cha pumzi, yaani kilowati ukilinganisha na uzito. Plaid ina mota tatu, moja mbele na mbili nyuma, na jumla yake ni nguvu farasi 1,020, karibu kilowati 760, kwa gari la kilo 2,162. Taycan Turbo S ya 2021 ina mota mbili na uzito wa kilo 2,295. Utaona imeandikwa nguvu farasi 761. Hapa nakuomba usome polepole: hiyo 761, ambayo ni kilowati 560, hupatikana tu ukiondoka kwa Launch Control, mpangilio wa kuondoka kwa nguvu zote, na kwa sekunde chache. Baada ya hapo, na katika uendeshaji wako wa siku zote, gari lina 625, sawa na kilowati 460. Gawa kwa uzito. Plaid inapata wati 352 kwa kila kilo, Taycan kama 200. Unapolipita lori ukiwa kilomita 110 kwa saa, tofauti unayoihisi mgongoni ni hiyo ya 352 kwa 200, wala si ile ya 1.99 kwa 2.8.

Kila kampuni ilipambana na kipindi hiki cha pili kwa njia yake, na mimi kama mhandisi naziheshimu zote mbili. Tatizo ni hili: mota yenye sumaku inapozunguka inakuwa pia jenereta, inazalisha volti inayopingana na ile ya betri. Inavyozunguka kwa kasi zaidi ndivyo upinzani unavyokua, mpaka betri inakosa msukumo wa kuingiza umeme mwingine. Juu ya hilo, rota, yaani ile sehemu ya mota inayozunguka, ikienda kasi mno sumaku zinataka kuruka nje kama jiwe kwenye kombeo. Tesla waliifunga rota kwa kanda ya nyuzi za kaboni, imekazwa sana, ili iweze kuzunguka kwa kasi kubwa huku pengo kati yake na sehemu isiyozunguka likibaki jembamba. Porsche walichukua njia nyingine. Waliweka betri ya volti 800 na, kwenye ekseli ya nyuma, gia mbili: fupi ya kuondokea na ndefu ya kukimbilia. Umesikia watu wakisema gia ya pili ni kasoro, eti gari la umeme halihitaji gia. Bila gia hiyo, Taycan ingelazimika kuchagua moja, ama kuondoka vizuri au kukimbia vizuri. (Na neno Turbo pale nyuma lisikuzuge. Hakuna tabo ndani. Ni jina la daraja.)

Nije kwenye video zako za mara ya nne na ya tano, kwa sababu hapo hukuona mazingaombwe. Uliona joto.

Umeme ukipita kwenye waya au kwenye seli ya betri huacha joto, na joto hilo halikui sawasawa na umeme. Linakua kwa mraba wake. Ukiongeza ampia mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Sasa gawa kilowati kwa volti. Plaid, kilowati 760 kwa volti kama 400, inataka karibu ampia 1,900. Taycan, kilowati 560 kwa volti 800, inataka ampia 700. Gari lile moja linapitisha mto wa umeme unaokaribia mara tatu ya mwenzake. Kwa mruko mmoja haina neno, chuma kina nafasi ya kumeza joto. Kwa mfululizo, kompyuta ya gari inaanza kulinda betri na mota, inabana nguvu kidogo kidogo bila kukuuliza.

Porsche walijenga Taycan wakiwa na kiburi cha jambo hili hasa. Mwaka 2019, kabla haijatoka sokoni, walilipeleka gari la majaribio kwenye uwanja wa ndege wa Lahr, Ujerumani, wakaliondosha sifuri hadi kilomita 200 mara 26 mfululizo. Tofauti kati ya mruko wa haraka kuliko wote na wa polepole kuliko wote ilikuwa sekunde 0.8 tu. Hiyo ndiyo hoja ambayo muuzaji wako wa Taycan alipaswa kukupa badala ya kutukana gari la mwenzake.

Plaid nayo ina dawa yake, lakini inataka subira. Kuna mpangilio unaoitwa Drag Strip Mode. Ukiuwasha, gari linaanza kupasha betri na kupoza mota, kazi inayoweza kuchukua dakika 8 hadi 15. Betri inapashwa kwa sababu seli yenye uvuguvugu inatoa umeme kwa upinzani mdogo. Mota zinapozwa ili ziwe na nafasi ya kumeza joto linalokuja. Kisha unakanyaga breki kwa mguu wa kushoto, unakandamiza mafuta mpaka chini (bado tunayaita mafuta!), na pua ya gari inashuka polepole kama duma anayejikunyata. Nimewahi kukaa kiti cha pembeni gari likiwa katika hali hiyo. Zile sekunde za kusubiri zina ukimya ambao sijauzoea hadi leo. Breki ilipoachiwa, miwani yangu iliganda usoni na kalamu niliyokuwa nimeiweka juu ya mapaja nikaikuta kiti cha nyuma. Kwenye Taycan mambo ni mafupi: unaweka mpangilio wa Sport Plus, breki, mafuta, unaachia.

Na chaji? Betri inavyoshuka, volti yake inashuka, na nguvu inashuka nayo. Plaid yenye asilimia 95 na Plaid yenye asilimia 30 si gari moja. Ukiona video bila kuonyeshwa chaji, joto la betri na aina ya matairi, furahia picha lakini usiifanye ushahidi.

Umeniuliza juu ya Julai. Joto la hewa la digrii 45 haliui mchapuko wa kwanza. Betri ikiwa na uvuguvugu inatoa umeme vizuri. Linaloharibika ni kurudia, maana mfumo wa kupoza unategemea hewa ya nje kubeba joto, na hewa yenyewe ikiwa moto inabeba kidogo. Wakati huohuo kiyoyozi chako nacho kinadai sehemu yake ya ubaridi. Kwa hiyo faida ya Taycan ya kurudia inaonekana zaidi huko kwenu kuliko Ulaya. Lakini adui mkubwa kuliko joto ni mchanga. Upepo ukishapuliza usiku, lami ya asubuhi ina vumbi jembamba usiloliona, na mshiko unashuka. Siku kama hiyo kipindi cha kwanza ni kimoja kwa magari yote mawili: kompyuta inabana mota, taa ya kuteleza inapepesa kwenye dashibodi, na 1.99 na 2.8 zote zimebaki kwenye karatasi. Matairi yaliyokauka kwa jua hufanya vivyo hivyo. Angalia tarehe iliyochongwa ubavuni mwa tairi: tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Gari lililosimama nje sana linaweza kuwa na kashata, ile mikato ya tairi, bado nzima lakini mpira umekuwa mgumu kama gome.

Na familia nyuma? Hapa nasema kama baba. Abiria wawili wadogo na mama yao hawatapunguza mchapuko kwa kiasi cha kuhisi, kilo mia na hamsini kwenye gari la tani mbili ni kidogo. Lakini tafadhali usifanye mruko wa kamili wakiwa ndani. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kwa shingo yake, na mtoto aliyefungwa akitazama nyuma, mruko wa mbele unamrusha kuelekea mikanda badala ya kumlaza kwenye kiti. Mke akiwa mjamzito, usijaribu hata nusu. Na simu, chupa ya maji, begi la shule, vyote vinakuwa mawe.

Kuna jambo hukuuliza nami sitaliacha: kusimama. Gari linalofika kilomita 200 limebeba nishati mara nne ya lile la kilomita 100. Taycan Turbo S hutoka kiwandani na breki za kauri ya kaboni, diski za mbele zina kipenyo cha milimita 420. Plaid za mwanzo zilitoka na diski za chuma. Kwa barabara zinatosha, lakini waliozipeleka kwenye viwanja vya mizunguko walizichosha upesi, na Tesla baadaye ikaanza kuuza seti ya kauri. Muulize muuzaji kama Plaid yako ina seti hiyo. Kama haina na unataka kuipeleka uwanjani, hesabu gharama yake ndani ya bei.

Basi ningechagua nini? Kama furaha yako ni kukandamiza mguu mara moja ukiwa tayari kwenye mwendo, upate ule msukumo usiokwisha, Plaid haina mwenzake kati ya hizi mbili, na ina nafasi kubwa zaidi ya watoto na mizigo. Kama furaha yako ni kwenda uwanjani na marafiki kila mwezi, urudie na kurudia, upinde kona, usimame, uondoke tena, Taycan itakuheshimu mpaka mwisho wa usiku. Kwa maelezo yako ya kazi, familia, na mapenzi ya kuchomoka, mimi ningeegemea Taycan, kwa sababu ya breki na kurudia. Najua mhandisi mwenzangu angekuambia Plaid, na asingekosea. Na ukipata pesa ya Taycan ya toleo jipya la 2024, swali linabadilika kabisa: Turbo S hiyo ina nguvu farasi 952 na Porsche wameandika 2.4.

Lolote utakalochagua, usilijaribie barabara kuu. Abu Dhabi iliondoa tangu 2018 ile nafasi ya kilomita 20 juu ya kikomo, wewe unajua kamera zake kuliko mimi. Pale uwanja wa Yas Marina kuna njia ya mbio za mstari mnyoofu, yenye mwali, taa na watu wa zimamoto.

Kabla ya kulipa, yako mambo ambayo mimi siwezi kukufanyia kwa maandishi. Gari lazima lionekane na mtu mwenye mafunzo ya umeme mkubwa, aunganishe kompyuta, asome afya ya betri, alinganishe volti za seli, na alitazame tumbo la gari likiwa juu ya jeki, maana betri iko chini na jiwe moja linaweza kuwa limeibonyeza. Usimruhusu fundi yeyote asiye na mafunzo hayo afungue kifuniko chenye nyaya za rangi ya chungwa. Hizo si za kubahatisha. Taycan zote duniani ziliitwa na Porsche mwaka 2024 zirudi zibadilishwe mipira ya breki za mbele. Omba karatasi inayoonyesha kuwa hili lako limefanyiwa. Na yote mawili yaulize kwa namba ya chesisi: lilikuja Imarati likiwa jipya, au lililetwa kutoka Marekani baada ya ajali? Plaid ya Marekani ina tundu la chaji tofauti na la huko, na dhamana ya betri, ambayo kwa kawaida ni miaka 8, inaweza isikubalike. Muuzaji akikataa gari lisipimwe, ondoka hapo hapo, bei iwe tamu namna gani.

Juu ya kurudi nalo Mombasa, nasikitika kukuvunja moyo. Gari lenye usukani wa kushoto Kenya haisajili, isipokuwa ya kazi maalumu, na lililopita miaka 8 haliingii. Magari ya Imarati yana usukani wa kushoto. Nunua ukijua kwamba utaliuza hukohuko.

Ukishapata moja, ngojea usiku wa baridi, Desemba au Januari. Lichaji mpaka asilimia 90, acha watoto nyumbani, nenda Yas uondoke mara tano. Kila mara chukua kile kikaratasi cha muda, na nyuma yake andika chaji iliyobaki. Nitumie vyote vitano, tuvisome pamoja.